Laptopu mpya, ruta ya zamani: shajara ya kuunganisha Wi-Fi ya nyumbani

Vifaa: laptopu mpya iliyokuja bila mfumo wowote ndani na isiyo na tundu la kebo ya mtandao, ruta ya bendi mbili, GHz 2.4 na GHz 5, ya kiwango cha 802.11ac, ambayo imekaa miaka bila mtu kuifungulia mipangilio yake. Simu ya Android. Printa ya zamani inayotumia Wi-Fi. Lengo ni laptopu iingie mtandaoni, ibaki mtandaoni, na ipate kasi inayolingana na vifaa vyenyewe. Ninaandika kila hatua inapokamilika ili mwenye vifaa vya aina hii afuate.

4 Januari 2025: orodha tupu

Nimesakinisha Windows 11 kutoka kwenye flashi. Hatua za mwanzo hazina la kusimulia, mpaka pale mfumo unapoomba mtandao ndipo uendelee. Orodha ya mitandao ilikuwa tupu kabisa. Haukuwemo wa nyumbani wala wa jirani yeyote.

Hiyo ni dalili ya kushika mapema. Ruta ya nyumbani ikizimika, mitandao ya majirani bado huonekana. Usipoona hata mmoja, tatizo limo ndani ya laptopu yenyewe, na kuhangaika na ruta ni kupoteza muda. Nilibonyeza kitufe cha hali ya ndege, nikazima na kuwasha. Wapi!

Kilichokosekana ni draiva ya kadi ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo. Flashi ya kusakinishia hubeba draiva za kadi nyingi, lakini kadi iliyotoka baada ya flashi hiyo kutengenezwa inaweza isiwemo. Hapo unajikuta unahitaji intaneti ili upate kitu cha kukupa intaneti.

Njia iliyofanya kazi ni simu. Nilichomeka simu kwa kebo ya USB, nikaingia kwenye mipangilio yake nikawasha kushiriki intaneti kwa USB. Laptopu iliitambua simu kama mtandao wa kebo papo hapo, bila draiva ya ziada, na usakinishaji ukaendelea hadi mwisho.

Kisha bando likaanza kuyeyuka. Mara tu dawati lilipofunguka, mfumo ulianza kuvuta masasisho kana kwamba hakuna kesho. Dawa yake: Settings, Network & internet, Ethernet, kisha washa "Metered connection". Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Ubaya wake ni kwamba hata draiva haziletwi zenyewe katika hali hiyo, hivyo itabidi uitafute yako kwa mkono.

Kuitafuta si kazi ngumu. Fungua Device Manager, tafuta "Network Controller" yenye alama ya njano, ingia Properties, kichupo cha Details, uchague Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_ ukifuatwa na herufi na tarakimu nne. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek. Ukishajua mtengenezaji wa kadi, pakua draiva kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu. Usipoipata huko, nenda kwa mtengenezaji wa kadi. Tovuti zinazojitangaza kwamba zina draiva za kila kitu ziache zilivyo.

Baada ya kuisakinisha, orodha ilijaa mitandao. Gharama ya leo: sehemu kubwa ya bando, na karibu yote imeliwa na masasisho, si draiva.

5 Januari 2025, asubuhi: nenosiri ni sahihi, mlango umefungwa

Mtandao wa nyumbani wa GHz 2.4 unaonekana. Ule wa GHz 5 hauonekani, nimeuweka kiporo. Niliandika nenosiri, ikaja "Can't connect to this network". Simu iliyosahaulishwa mtandao kisha ikapewa nenosiri lilelile iliingia bila shida. Basi nenosiri ni zima na ruta iko hai.

Ushauri unaotolewa mara nyingi hapa ni kurudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani. Sikubaliani nao. Ukifanya hivyo unapoteza ushahidi, unakata kila kifaa kilichokuwa kimeungwa, na kama mipangilio ya mtoa huduma iliandikwa humo kwa mkono, nyumba nzima inabaki bila intaneti. Kwanza uliza laptopu imeona nini. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

netsh wlan show wlanreport

Mfumo huandaa ripoti ya siku tatu zilizopita, inayofunguka kwenye kivinjari, yenye kila jaribio la kuunganisha na sababu ya kukatika. Yangu ilionyesha muunganisho ulikufa wakati wa kujiunga, kabla nenosiri halijafikia kuhakikiwa. Yaani ruta ilikuwa inamkataa mgeni kabla hajaongea.

Nilifungua ukurasa wa ruta kwa simu. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, usipoijua, tazama kifaa kilichokwisha kuunganishwa, ni ile inayoandikwa gateway. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi nilikuta chujio la anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za kadi za mtandao, limewashwa, na orodha fupi ya vifaa vinavyoruhusiwa. Aliyeifunga ruta hii alikuwa mtu wa tahadhari.

Nilichukua anwani ya laptopu kwa amri ya getmac, nikaiongeza kwenye orodha. Ikakataliwa tena. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko popote pengine katika mradi huu, kwa sababu kila kitu kilionekana kiko sawa. Ufumbuzi ulitoka kwenye kumbukumbu za ruta, ambazo ziliandika anwani iliyokataliwa: haikuwa ile niliyoiongeza. Herufi yake ya pili ilikuwa A.

Herufi hiyo ya pili inasema mengi. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani imetungwa na programu, haikuchapwa kiwandani. Windows 11 ina kipengele cha "Random hardware addresses", na kwenye laptopu hii kilikuwa kimewashwa wakati wa kupanga faragha. Kikiwashwa, laptopu hujitambulisha kwa kila mtandao kwa anwani tofauti na ile ya kadi yake. Simu za Android tangu toleo la 10 na za iPhone tangu iOS 14 hufanya hivyo zenyewe bila kuombwa, kwa hiyo mwenye chujio la MAC atakutana na jambo hili kila anapoleta kifaa kipya.

Kulikuwa na njia mbili: kuzima anwani za nasibu kwa mtandao wa nyumbani, au kuzima chujio. Nimezima chujio. Anwani ya MAC husafiri hewani bila kufichwa, hata pale data yenyewe imefichwa, na mwenye nia mbaya anaweza kuisikiliza na kuiiga. Chujio linamsumbua mwenye nyumba kuliko mvamizi. Kinacholinda mtandao ni nenosiri refu. Kanuni za WPA2, mfumo wa usalama wa Wi-Fi, zinaruhusu herufi 8 hadi 63, na la nyumba hii lina zaidi ya 20.

Laptopu ikaunganishwa.

5 Januari 2025, jioni: imeunganishwa lakini haina intaneti

Alama ya Wi-Fi ipo, maneno "No internet, secured" yapo chini yake. Amri ya ipconfig ilitoa anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, acha kuwaza habari za mtoa huduma wa intaneti. Ni anwani ambayo Windows hujipa baada ya kuomba anwani kwa ruta na kukosa jibu.

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye ruta, niliipa laptopu anwani kwa mkono: 192.168.1.50, gateway 192.168.1.1. Intaneti ikafunguka hapohapo. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba hewani hakuna tatizo na kwamba ruta inapitisha data. Kilichogoma ni ule ugawaji wa anwani tu, yaani DHCP. Mtu angeweza kuishia hapo na kuendelea na maisha. Mimi sipendi anwani za kuandikwa kwa mkono kwenye laptopu, kwa sababu siku ukiipeleka kwenye mtandao mwingine itagoma na utakuwa umeshasahau sababu. Nikairudisha kwenye hali ya kujipatia yenyewe.

Kwenye ruta, upande wa DHCP, anwani za kugawa zilikuwa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.109. Kumi tu. Kila anwani ilikuwa inakodishwa kwa siku saba. Ni kama daftari la wageni lenye mistari kumi ambalo hakuna anayefuta jina la mgeni aliyeondoka: simu ya mtu aliyepita kwa saa moja inashikilia nafasi wiki nzima, na simu ileile ikija na anwani nyingine ya nasibu inahesabiwa mgeni mpya. Laptopu ilifika daftari likiwa limejaa.

Nimepanua hadi 192.168.1.199 na kupunguza muda wa kukodisha kuwa saa 24. Kwenye laptopu:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikapata .110. Kisha nilipima kwa hatua: ping 192.168.1.1 kuona kama ruta inajibu, ping 1.1.1.1 kuona kama nje kunafikika, halafu ping kwa jina la tovuti yoyote kuona kama DNS inatafsiri majina. Mpangilio huu usiuvuruge. Ya kwanza ikishindwa, tatizo ni kati ya laptopu na ruta. Ya pili ikishindwa peke yake, tazama ruta na mtoa huduma. Ya tatu ikishindwa peke yake, ni DNS. Zote zimejibu.

Gharama: hakuna.

11 Januari 2025: kasi imegota kwenye 54

Wiki nzima laptopu imefanya kazi, ila faili kubwa zinajikongoja hata nikikaa mezani penye ruta. Amri:

netsh wlan show interfaces

Ilionyesha ishara asilimia 96, aina ya redio 802.11g, na kasi ya Mbps 54. Ishara nzuri namna hiyo na kasi ya kiwango cha mwaka 2003 haviendi pamoja.

Nilianza na yaliyokuwa mepesi. Kubadilisha chaneli, yaani kipande cha bendi ambacho ruta hurushia, kutoka 3 kwenda 6 kulipunguza kukwamakwama, lakini 54 haikuondoka. Nikaibakiza 6, maana kwenye GHz 2.4 chaneli zimepishana MHz 5 tu ilhali kila moja inatumia upana wa MHz 20. Ukikaa 3 unagombana na walioko 1 na walioko 6 kwa pamoja. Chagua 1, 6 au 11 kulingana na iliyo na majirani wachache. Kusasisha draiva hakukubadilisha kitu.

Kidokezo kilikuwa kwenye mstari mwingine wa jibu lilelile la netsh: Cipher, TKIP. Windows ilikuwa pia inaonya kwamba usalama wa mtandao huu ni dhaifu, onyo ambalo ni rahisi kulizoea mpaka ukaacha kuliona. TKIP ni njia ya kuficha data ya Wi-Fi iliyobuniwa kuwa kiraka cha muda, ili vifaa vilivyojengwa kwa WEP, usalama wa kwanza wa Wi-Fi, viweze kuendelea baada ya WEP kuvunjwa mwaka 2001. Kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009 kilikataza kasi zake mpya kutumika pamoja na TKIP au WEP. Kwa hiyo ruta na laptopu, zote zikiwa na uwezo mkubwa, zilikuwa zinashuka kwa hiari hadi 54 kwa kutii kanuni.

Nilibadilisha usalama wa GHz 2.4 kuwa WPA2 yenye AES peke yake, njia imara zaidi ya kuficha data. Nenosiri sikulibadilisha. Laptopu ilihitaji kusahaulishwa mtandao na kuunganishwa upya, halafu netsh ikatoa 802.11n na 144.4, ambayo ndiyo kilele cha antena mbili kwenye upana wa MHz 20. Ruta inatoa pia nafasi ya kutumia MHz 40. Kwenye GHz 2.4 yenye majirani, achana nayo: unachukua karibu nusu ya bendi nzima na unaalika kelele za kila mtu.

Lililoharibika kwa kurekebisha hilo ni printa. Ilitoweka mtandaoni papo hapo, na nadhani ndiyo iliyofanya TKIP iwekwe tangu mwanzo. Ukongwe wake haukuwa kikwazo, kwani kuanzia Machi 2006 kila kifaa kipya kilichopewa cheti cha Wi-Fi kililazimika kuielewa WPA2. Ilikuwa imehifadhi mipangilio ya zamani tu. Nikaifuta kupitia menyu yake, nikaandika nenosiri kwa vile vitufe vyake vya mshale, herufi moja baada ya nyingine, zaidi ya 20. Sehemu iliyochosha kuliko zote.

12 Januari 2025: ile GHz 5 iliyowekwa kiporo

Mtandao wa GHz 5 unaonekana dakika chache, unapotea, unarudi. Simu nayo inaupoteza, hivyo laptopu haina hatia.

Ruta ilikuwa imepangiwa chaneli 100. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta inalazimika kusikiliza kabla ya kurusha, kwa kawaida sekunde 60. Ikihisi rada inanyamaza na kuhamia kwingine. Laptopu na simu nazo, kwenye chaneli hizo, husubiri zisikie ruta kwanza badala ya kuiita, ndiyo maana mtandao huchelewa kutokea kwenye orodha hata pale kila kitu kikiwa salama. Niliihamishia chaneli 36. Kuanzia 36 hadi 48 hakuna sharti hilo.

Ukatulia. Kwa upana wa MHz 80, netsh inaonyesha 866.7 nikiwa chumba kimoja na ruta. Faili ya gigabaiti moja iliyokuwa inachukua muda wa kunywea chai sasa inahamishwa ndani ya nusu dakika kutoka kwenye hifadhi iliyochomekwa kwa kebo. Kumbuka 866.7 ni kasi ya redio. Inayobaki kwa faili ni kama nusu na kidogo, tena ni megabiti, gawa kwa nane kupata megabaiti.

Chumba cha mwisho, kuta mbili katikati, GHz 5 inashuka hadi asilimia 50. Asilimia za Windows hupanda sawia na dBm, kipimo cha nguvu ya ishara, kutoka dBm −100, ambayo ni sifuri, hadi dBm −50, ambayo ni mia. Kwa hiyo 50 ni dBm −75. Simu za video huko zinakatika. Zinahitaji kama dBm −67 ili zitulie. GHz 2.4 mahali hapohapo ilitoa asilimia 76.

Wakati wa majaribio nilizipa bendi mbili majina tofauti ili nijue niko wapi. Ushauri wangu ni huo kwa yeyote anayechunguza hitilafu. Nimeziacha hivyo hivyo: laptopu ina zote mbili, na anayekaa chumba cha mwisho anachagua 2.4 mwenyewe.

18 Januari 2025: inalala na Wi-Fi yake

Laptopu ikiamka baada ya kufunikwa, Wi-Fi wakati mwingine inabaki imekatika mpaka niizime na kuiwasha. Ripoti ya wlanreport ilionyesha kadi yenyewe inazimwa na mfumo. Device Manager, kadi ya Wi-Fi, kichupo cha Power Management, ondoa tiki kwenye ruhusa ya kuzima kifaa kuokoa umeme. Kwenye laptopu nyingine mpya kichupo hicho hakipo. Hapo tegemeo ni draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji. Betri sioni kama imeathirika.

2 Februari 2025: ruta yenyewe

Hakuna mkatiko tangu tarehe 18. Limebaki la kusasisha programu ya ruta, na hilo sifanyi kwa Wi-Fi, maana muunganisho ukikatika katikati ruta inaweza isiamke tena. Nimenunua adapta ya USB ya kuchomekea kebo ya mtandao. Ndicho kitu pekee kilichonunuliwa katika kazi yote.

Kabla ya kusasisha nilihifadhi faili ya mipangilio ya ruta, na pia nikapiga picha kila ukurasa. Picha ndizo zilizookoa. Sasisho lilirudisha mipangilio ya kiwandani, na faili iliyohifadhiwa kwenye toleo la zamani ilikataliwa na toleo jipya. Jina la mtumiaji na nenosiri la mtoa huduma nilikuwa nimeliona kwenye picha moja. Bila hilo ningesubiri simu ipokelewe.

Kwa kuwa kila kitu kinaandikwa upya, niliandika kilicho sahihi: WPA2 na AES, chaneli 6 na 36, DHCP .100 hadi .199, chujio la MAC limezimwa, nenosiri jipya la msimamizi wa ruta. WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa namba fupi badala ya nenosiri, nayo nimeizima. Namba yake ina tarakimu nane, lakini ya mwisho ni ya kuhakiki tu na ruta huikagua kwa vipande viwili, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza. Jambo hilo linajulikana tangu 2011. WPA3, mrithi wa WPA2, haimo hata kwenye toleo jipya.

Majina na nenosiri la Wi-Fi nimeyarudisha vilevile, herufi kwa herufi, na vifaa vyote vimerejea vyenyewe, printa ikiwemo.